Usikope simu mpya kwa sababu ya picha, picha yako inafia njiani

Leo nataka nibishane kidogo na ushauri mmoja unaozunguka sana mtandaoni. Mtu anaanza biashara yake ya nguo au vyombo, anaposti, picha zinaonekana zina ukungu, anauliza tatizo ni nini. Majibu kumi ya kwanza yote yanafanana: tafuta iPhone. Basi dada wa watu anaenda kuchukua simu ya mkopo. Anatoa kianzio, halafu kila siku analipa, siku asipolipa simu inafungwa, na humo humo ndiko waliko wateja wake wote. Mwezi wa pili ukipita kwenye ukurasa wake, picha bado zina ukungu vile vile.

Mimi nasema simu yake ya zamani ilikuwa haina kosa. Picha ilitoka kwenye kamera ikiwa nzima, ikafia njiani.

Nauza kanga na vitenge, nina kaduka kadogo Morogoro, na zaidi ya nusu ya wateja wangu sijawahi kuonana nao uso kwa uso. Mambo ya picha sijayasomea popote, shule niliishia kidato cha nne. Nimejifunza kwa kujaribu, usiku, bando likiwa rahisi. Na kama kuna bidhaa inayokufundisha picha kwa lazima ni kanga, kwa sababu kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Jina ni yale maneno. Mteja wa kanga anaweza kuvumilia rangi isiyoonekana vizuri, atakuuliza "hiyo ni bluu au zambarau?" na utamjibu. Lakini maneno asipoyasoma mwenyewe kwenye picha, hanunui. Anakuandikia "imeandikwaje hiyo?", wewe uko bize na mteja wa dukani, ukija kujibu baada ya nusu saa keshahamia kwa mwingine.

Na si suala la kusoma tu. Alinijia mteja mmoja, mama wa heshima zake, kanunua doti mtandaoni kwa muuzaji mwingine ili ampelekee mkwewe. Picha aliyotumiwa ilikuwa imefifia, yeye kapenda rangi, muuzaji naye kamwambia "maneno ni mazuri tu mama." Mzigo umefika, kufungua, ni kijembe. Tena kijembe cha wake wenza. Mkwe! Hela alishatuma, nauli ya basi alishalipa, na muuzaji akasema kanga ikishatoka hairudi. Sasa niambie, hapo iPhone ingemsaidia nani? Yule muuzaji hata hakuipiga yeye ile picha, ilikuwa imepita kwenye simu za watu sijui wangapi.

Ngoja nieleze picha inavyosafiri, maana tukielewa hapa hayo mengine ni mepesi.

Picha ya simu ni vidoto vidogo vidogo vya rangi vilivyopangwa kwa mistari, vinaitwa pikseli. Simu nyingi tunazotumia, hata hizi za bei ya kawaida, zinatoa picha yenye pikseli kama 4,000 kwa upana na 3,000 kwa urefu. Ukizidisha ni milioni 12. (Ukiona tangazo la simu ya megapikseli 50 usishtuke sana. Nyingi kati ya hizo zinaunganisha vidoto vinne kuwa kimoja, picha ya kawaida inatoka na kama hizo hizo milioni 12.)

Haya. Muuzaji wa jumla Kariakoo kapiga picha mzigo mpya, katuma kwenye grupu la WhatsApp. WhatsApp kwa kawaida inaipunguza ili isafiri haraka, mara nyingi inabaki na kama 1,600 upande mrefu. Hapo bado ni nzuri, inatosha kabisa kuuzia. Sasa anakuja mwenzetu, badala ya kuipakua ile picha, anapiga skrinishoti. Skrinishoti inachukua kioo cha simu yako, haichukui picha yenyewe. Kama kioo chako kina pikseli 720 kwa upana, na simu nyingi za bei ndogo ndivyo zilivyo, basi picha yoyote utakayoipiga skrinishoti ukiwa umeshika simu wima haiwezi kuzidi hizo 720. Halafu anakata pembeni kuondoa saa na chaji na jina la grupu, imebaki labda 540. Anaiweka status. Mwingine anaiona status, naye skrinishoti, naye anakata. Imebaki 360. Huyo wa tatu ndiye anaiweka Instagram, ambako picha ya kawaida inakaa kwa upana wa 1,080. Ile yake ya 360 inavutwa mpaka ijaze kioo cha mteja, kama kanga ya mtoto umemfunga mtu mzima.

Nikachukua futi kamba nikapima. Kanga yangu moja hapa ina sentimita 150 kwa upana, na herufi zake zina urefu wa kama sentimita 3. Picha ya kanga nzima ikiwa na upana wa pikseli 1,080, kila sentimita inapata pikseli 7 na kidogo, kwa hiyo herufi moja ina pikseli kama 21 kwenda juu. Inasomeka. Kwenye ile ya 360, sentimita inapata pikseli 2 na nusu hivi. Herufi imebaki na pikseli 7. Hapo A na R ni ndugu mapacha.

Bado hujamaliza. Picha za simu nyingi huhifadhiwa kwa mtindo unaoitwa JPEG, ambao umekuwepo tangu mwaka 1992. JPEG inabana picha kwa kuigawa kwenye viboksi vya pikseli 8 kwa 8, kisha ndani ya kila kiboksi inatupa vile inavyoona jicho halitavikumbuka. Kwenye ukuta mweupe au anga hutaona tofauti. Lakini herufi yako ya pikseli 7 ni ndogo kuliko kiboksi kimoja! Inatupwa na uchafu. Na kila picha inapohaririwa na kuhifadhiwa upya kwa JPEG, inabanwa upya, na kilichotupwa hakirudi. Umewahi kupeleka fotokopi ya cheti ikatolewe fotokopi tena, na hiyo nayo ikatolewa tena? Muhuri unageuka doa jeusi. Ndicho kinachotokea.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: punguza picha mara moja tu, mwishoni, kutoka kwenye picha halisi. Kabla ya hapo usiiguse ile ya mwanzo.

Kwenye simu yangu nina folda nimeiita HALISI. Kila mzigo mpya unaingia humo kama ulivyotoka kwenye kamera, na sihariri kitu humo ndani, nafanyia kazi nakala. Nakata kwanza, yaani naondoa meza na miguu ya watu. Kisha narekebisha mwanga kama inahitajika. Halafu ndiyo napunguza ukubwa. Huu mpangilio una maana yake. Ukianza kupunguza mpaka 1,080 halafu ukakata nusu, umebaki na 540, tumerudi kule kule. Ukianza kukata nusu kwenye 4,000 unabaki na 2,000, bado una akiba.

Kanga ikiwa imelala, picha yangu inatoka 1,080 kwa 810. Gauni au dera lililosimama, 1,080 kwa 1,350, linajaza kioo cha mteja vizuri anapopita.

Kuna watu watasema, si Instagram yenyewe inapunguza, kwa nini nijisumbue? Ni kweli inapunguza, ukiipa 4,000 itaishusha hadi 1,080. Kwa picha ya sufuria au viatu huenda usione tofauti kabisa, sitakudanganya. Shida inakuja kwenye vitu vyenye mistari midogo na vidoti vya karibu karibu: kikoi, shuka za mistari, suti, vitenge vyenye nakshi ndogo. Picha ya hivyo ikipunguzwa vibaya inatoa mawimbi, mistari inacheza, mteja anaona kitu ambacho kwenye kitambaa hakipo. Ukiipunguza mwenyewe unaiona kabla ya mteja. Ukiachia mtandao ufanye, unakuja kuiona imeshaposti na imeshapata maoni matatu ya "mbona kama kitambaa kimechakaa?"

Ya kupunguzia, mimi natumia Snapseed kwa picha za kila siku. Ni ya Google, ya bure, na kwenye mipangilio yake kuna sehemu ya kuchagua picha itoke na ukubwa gani na ubora gani. Samsung nyingi zina sehemu ya kubadili ukubwa ndani ya galari yenyewe, unaingia kuhariri halafu kwenye vile vidoti vitatu. Nikitaka kuwa makini zaidi natumia Squoosh, hii huipakui, unaifungua kwenye kivinjari cha simu kama tovuti. Nayo imetengenezwa na Google, na kazi inafanyika ndani ya simu yako, picha haipandi kwenda kwao. Ninachoipendea inakupasulia picha katikati, kushoto ya mwanzo, kulia iliyobanwa, na wewe unasogeza ubora huku ukiangalia. Mimi naweka ubora kama 80 au 85. Nikishuka chini ya 60 naanza kuona moshi moshi pembeni ya herufi. Kwa kanga nakataa. Kwa sufuria isiyo na maandishi sawa, shuka utakavyo. Faili lililotoka megabaiti 4 linabaki kilobaiti 200 au 300 hivi, na maneno yanasomeka.

Zile programu nyingine zinazoahidi kupunguza picha mia kwa dakika, halafu zinakujazia matangazo na kukuwekea jina lao kwenye kona, mimi sizitaki dukani kwangu.

Faida nyingine ya ile folda ya HALISI ambayo watu hawaifikirii ni hii. Kwenye picha ya kanga nzima yenye 4,000, yale maneno yanachukua labda sentimita 60 za kanga, ambazo ni pikseli 1,600. Nakata sehemu ya jina peke yake, napunguza hadi 1,080, na nina picha ya pili ya karibu, safi, bila kupiga tena. Kila kanga naiposti na picha mbili, nzima na ya jina. Maswali ya "imeandikwaje" yamepungua sana, na wanaouliza sasa wanauliza bei na usafiri.

Tuje kwenye kutuma. Tangu mwaka 2023 WhatsApp wameweka HD, alama yake inatokea juu ukiwa unakaribia kutuma picha. Iguse. Nayo inabana kidogo, ila inaacha nyingi zaidi. Na kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, unaweza kuiambia itume kwa HD siku zote. Kama unataka picha ifike bila kuguswa kabisa, itume kama dokumenti: gusa ile alama ya kuambatisha, chagua dokumenti badala ya galari, chagua picha yako. Inafika kama ilivyo, kila pikseli.

Hapa ndipo ninapowaomba wauzaji wa jumla. Jamani, mtutumie dokumenti. Najua bando, picha kumi za megabaiti nne nne ni megabaiti 40, si kidogo kwa mtu mwenye grupu tatu. Lakini ni mzigo mpya tu, mara moja. Rejareja ndio tunaowauzia. Kuna mmoja nanunua kwake, bidhaa zake safi, bei zake safi, ila kila picha ameipiga namba yake ya simu katikati ya kitambaa, herufi nyekundu kubwa kama bango la daladala. Namuelewa anaogopa kuibiwa picha. Matokeo yake wateja wake wa rejareja wanakaa kuifuta ile namba kwa programu, nakshi inaharibika, na kitambaa kinaonekana kimemwagiwa chai. Namba iwekwe kona, chini, basi. Mimi siku hizi nikinunua kwake napiga picha upya mwenyewe mzigo ukifika Morogoro.

Na wewe muuzaji mdogo, usiogope kuomba. Andika tu, "Kaka naomba hiyo ya maua ya njano kama dokumenti." Wengi wanatuma. Wakikataa, basi walau ipakue ile picha yenyewe, usiipige skrinishoti.

Sasa kuna kundi linasema, yote hayo ya nini, kuna programu za akili bandia unaingiza picha mbovu inatoka safi. Nimezijaribu. Kwa sura ya mtu zinapendeza. Kwa bidhaa mimi nazipinga, na ninapinga kwa nguvu. Pikseli zilizopotea hazijui zilikuwa nini, kwa hiyo programu inabuni. Niliipa kanga iliyofifia, ikanirudishia herufi kali kabisa, zinang'aa, na hakuna hata neno moja la Kiswahili pale. Herufi nzuri zisizo na maana. Kwenye kitenge inabuni ua ambalo kiwandani halikuchorwa. Mteja anatuma hela kwa ajili ya ua lile, anapokea ua jingine. Wewe utasema hukumdanganya, yeye atakuita tapeli, na kwenye biashara hii ya kutuma hela kabla ya mzigo, neno hilo likiandikwa chini ya picha zako mara mbili tu umefunga duka.

Wenye tovuti zao wenyewe, ninyi kwenu kupunguza ni lazima zaidi. Instagram na WhatsApp zinampunguzia mteja, lakini tovuti nyingi ndogo zinampa picha kama ulivyoiweka. Ukurasa wenye bidhaa 20 za megabaiti 4 kila moja ni megabaiti 80. Mteja kaweka bando la jero, unaimalizia kwenye ukurasa mmoja? Anafunga kabla picha ya tatu haijafunguka. Zikiwa kilobaiti 200 kila moja, bidhaa zote 20 ni megabaiti 4. Na nembo ya duka, au bango la bei lenye maandishi, lihifadhi kwa PNG, haitupi kitu kwenye herufi kama JPEG.

Kamera ina nafasi yake, sikatai. Picha iliyotikisika haiokolewi na kupunguza. Picha ya usiku chini ya taa moja ya duka itakuwa na mchanga mchanga hata uipunguze vipi. Ukivuta kwa zumu ya vidole, mara nyingi simu inakata tu, ni kama umeshaanza kuharibu kabla ya kupiga, bora usogee kwa miguu. Na kabla ya kupiga chochote futa kioo cha kamera, sisi tunashika simu na mikono ya mafuta, ya unga, ya chipsi. Kanga mimi naipiga nje, kivulini, asubuhi, imetundikwa kwenye kamba na kubanwa pande zote mbili isipepee. Simu ninayopigia ina miaka mitatu na kioo kimepasuka kona.

Kabla ya kuposti huwa natuma picha iliyopunguzwa kwenye simu ya mdogo wangu, ambayo ndiyo mbovu kuliko zote nyumbani, kisha namwambia asome maneno ya kanga bila kuivuta kwa vidole. Akisoma, naposti. Akikunja uso, narudi kwenye HALISI.

Kama umekwama, andika hapo chini aina ya simu yako na unachouza, nitakuelekeza wapi pa kugusa. Wa iPhone pia karibuni, na ninyi skrinishoti mnapiga.